Kidole Kimoja

Alipoingia nilikuwa nimeinama juu ya meza, kalamu mkononi, na kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu vyake. Havikuwa vyake. Vilikuwa vipana, vya mtu mwingine, kisigino cha kushoto kimelika upande mmoja. Viatu vyake mwenyewe vilibaki chini ya bahari, pamoja na meli aliyokuwa akiiongoza na mabaharia saba.

Nilijua atakuja. Tangu juzi, habari zilipofika kwamba rubani wa ile meli ameokolewa akielea na kipande cha mlingoti, nilikuwa nikitega sikio kwa kila hatua kwenye ngazi za hekalu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimefunga nywele zangu na kuzifungua mara tatu huku nikijicheka, maana mwanamke anayejipamba kumpokea mtu aliyefiwa na wenzake saba ana kasoro mahali fulani. Lakini alikuwa hai. Moyo wangu ulijaa hilo tu, na nisidanganye, wale saba sikuwa nimewapa nafasi hata ya kukaa.

"Hujambo, Wino," alisema.

"Sijambo. Karibu ukae."

Hakukaa. Jina la Wino alinipa yeye. Watu wengine waliniita binti wa Mzee Muhuri, kwa kuwa baba ndiye aliyeshika muhuri wa makuhani, na hakuna meli iliyoruhusiwa kung'oa nanga bila ramani iliyopigwa muhuri huo. Mimi nilichora, baba akapiga muhuri. Yeye bandari nzima ilimwita Vidole. Marubani wa meli hupima nyota kwa kunyoosha mkono na kuhesabu ni vidole vingapi vinaenea kati ya nyota na ukingo wa maji, na mkono wake ulisifiwa kwa kutotetemeka hata upepo ukichachamaa. Leo ulikuwa umefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko.

Nilirudisha mlango nikauacha wazi kidogo, ili baba, aliyekuwa chumba cha pili, asije akasema tumejifungia. Sauti ya muhuri ilikuwa ikitufikia kutoka huko, pole pole, kama mtu anayepigilia msumari bila haraka.

Hapa lazima nieleze habari ya Jicho, maana ndilo lililotugombanisha sote. Jicho ni ile nyota nyeupe ya kaskazini. Makuhani hufundisha kwamba ni jicho la Muumba, limetulia pale pale tangu siku ya kwanza, halipepesi wala halisogei, na kitabu kikuu cha hekalu kinataja kila bandari na idadi ya vidole ambavyo Jicho huonekana juu ya maji ukiwa hapo. Kusema Jicho limesogea ni kusema Muumba ametupa kisogo. Watu walifukuzwa mjini kwa neno hilo na majina ya wazee wao yakafutwa kwenye ukuta wa hekalu.

Basi Vidole aliniambia neno hilo. Tulikuwa juu ya paa la ghala la kamba, mwezi mkubwa umeshatua na ule wa pili, mdogo, haujatoka. Aliunyoosha mkono wangu kuelekea Jicho, akaniambia nihesabu. Kitabu kilisema hapa kwetu ni vidole tisa. Nilihesabu nane. Nilirudia, nikapata nane. Akacheka, akasema kidole kimoja hakivunji chawa lakini meli kinavunja. Ndiyo siku aliyonishika mkono kwa mara ya kwanza, na ndiyo siku niliyoacha kuamini kitabu, na hadi leo siwezi kukumbuka moja bila jingine.

Nilikosa usingizi kwa ajili yake tangu hapo. Kumbe mtu wangu alikuwa akisafiri kwa ramani za uongo, tena nizichorazo mimi kwa mkono wangu. Alipopewa safari ya bandari ya kusini, ambako hakuwahi kufika yeye wala baba yake, nilifungua kitabu kikuu nikakuta imeandikwa saba. Nikaandika sita. Ukweli. Nilikausha wino, nikampelekea baba, naye akapiga muhuri bila kusoma, kwa sababu baba hakuwa akisoma chochote tena. Macho yake yalikuwa yamemwishia miaka mitatu nyuma na hakuna aliyejua ila mimi. Aliniamini mimi, hekalu likamwamini yeye.

Nilipanga kumwambia Vidole siku ya kumuaga. Nilitaka nione uso wake. Ila kabla ya siku hiyo alikuja nyumbani na dada yake kuniposa, na mambo yakaharibika kabla maji ya kunywa hayajaletwa. Baba alisema hamwozi bintiye kwa ukoo unaonong'ona habari za Jicho. Shangazi yangu akaongezea kwamba rubani ana mke kila bandari na ukweli hana hata bandari moja. Dada yake Vidole, ambaye ulimi wake haujui kulala, akajibu kwamba makuhani wanaitazama mbingu kupitia tundu la paa halafu wanawafundisha waliolala chini yake. Na yeye Vidole akacheka. Watu wanamtukana baba yangu, yeye anacheka. Nilinuna. Nilinuna siku tatu, sikutoka nje, sikupokea salamu zake, na siku ya nne akang'oa nanga.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na viatu vya watu.

"Pole," nilimwambia. "Pole sana. Ilikuwa dhoruba?"

"Hakukuwa na dhoruba."

Alinieleza huku akitazama dirishani. Ukungu ulikuwa umelala upande wa pwani, nchi kavu haikuonekana, lakini upande wa kaskazini kulikuwa kweupe na Jicho lilionekana vizuri juu ya ukingo wa maji. Alipima akarudia kupima. Alipokuwa na hakika kwamba wamefika mahali pa kugeukia bandarini, aligeuza meli, na badala ya bandari wakakuta miamba. Mpishi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuanguka. Alinitajia wote saba mmoja mmoja, yule mpishi, ndugu wawili wa tanga, fundi seremala aliyekuwa ameoa juzijuzi, na wengine, akieleza kila mmoja alikuwa wapi mara ya mwisho alipomwona. Nilisikiliza mpaka mwisho. Baada ya hapo alisema lililomleta.

"Kesho Baraza la Makuhani litaniuliza mbele ya watu. Nimekuja nikwambie mapema, usije ukashtuka. Nitaapa kwamba Jicho halijasogea. Nitawaambia marubani wote waache."

"Waache nini?"

Aliinua mabega kama mtu anayetua mzigo usio na faida tena.

"Siri yetu. Sikukwambia hii, niliapa nisimwambie hata mke. Sisi ramani zenu hatuzifuati zilivyo, Wino. Rubani akipewa ramani yenye muhuri, anapunguza kidole kimoja kichwani. Kila bandari, kila safari. Baba alinong'onezwa na babu, mimi nikanong'onezwa na baba nilipokuwa na miaka kumi na sita. Ndivyo tulivyoishi na hekalu miaka yote bila kugombana. Nyinyi mnaandika mnachotaka, sisi tunapunguza."

Niliiweka kalamu mezani.

"Na mimi nikapunguza," aliendelea. "Ramani yako ilisema sita. Nikapunguza moja, nikaifuata tano. Tano ikanipeleka kwenye miamba. Ningeufuata mwandiko wako ulivyo, wale watu wangekuwa wanakula chakula cha mchana majumbani kwao saa hii. Kwa hiyo makuhani wako sahihi. Babu yangu alikosea, baba akakosea, na mimi nimeua watu saba kwa kosa la ukoo. Afadhali niseme kesho, wengine wasife."

Huko chumba cha pili muhuri ulilia tena. Nilikaa chini bila kukusudia. Wengine wasife, alisema, na nilijua kwamba akiapa hivyo kesho, mwana wa rubani aliyeheshimiwa kuliko wote, vijana watamsikiliza. Wataacha kupunguza. Watazichukua ramani zangu nyingine zote, zile nilizoandika kama kitabu kinavyotaka, na kuzifuata zilivyo, na kila meli itakikosa kituo chake kwa kidole kimoja. Nilijua pia kwamba nikisema, kitakachofuata ni muhuri wa baba. Nani aliyeupiga? Hakusoma? Kwa nini hakusoma?

Nilitaka kunyamaza. Niliandike hilo wazi, kwa kuwa nimeshachoka kujitetea. Nilimtazama mwanamume ninayempenda akiwa amevunjika, dawa yake ikiwa ulimini mwangu, na kwa muda wa pumzi kadhaa nilitafuta namna ya kuimeza.

Yeye ndiye aliyeniokoa na aibu hiyo, bila kujua. Pengine aliona rangi yangu imebadilika. Aliniuliza tu, kwa upole, kama mtu anayetafuta la kusema:

"Kitabu kikuu kinasema ngapi kwa bandari ile?"

"Saba," nilisema.

Rubani hahitaji kufafanuliwa hesabu. Niliona macho yake yakisimama. Midomo yake ilitikisika kidogo, saba, sita, tano, na mkono wake mzima ukashika ukingo wa meza. Ndipo alipovuta kigoda akakaa.

"Uliandika ukweli," alisema.

"Kwa ajili yako tu. Nilijua mnafuata ramani. Sikujua mnapunguza."

"Basi mkono wangu haukukosea."

"Haukukosea."

Aliutazama ule mkono uliofungwa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie uso wake ukafunguka. Ilikuwa furaha, Mungu anisamehe, niliiona kwa macho yangu. Baba yake hakuwa mwongo. Babu yake hakuwa mwongo. Halafu wale saba wakamrudia, na furaha ikaondoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa na maneno mengi, habari ya shangazi, habari ya mlango, habari ya kukosa mtu wa kumtuma. Yote yalikuwa ya uongo.

"Nilinuna," nilisema.

"Ulinuna."

Hakulisema kwa kejeli. Alilirudia kama anayejifunza neno la ugenini. Kisha alisema na yeye angeweza kuniambia siri yake siku ile juu ya paa la ghala. Ulimi ulimwasha, akaukaza, kwa sababu ya kiapo. Tulikuwa tumekaa meza moja, kila mmoja na nusu ya jambo ambalo tungelisema kwa dakika moja, nami nilianza kulia bila sauti ili baba asisikie.

Baba alisikia. Kipofu husikia hata chozi. Mlango ulisukumwa, akaingia akipapasa ukuta kwa mgongo wa mkono, akitabasamu kuelekea upande ambao hakukuwa na mtu.

"Mwanangu, una mgeni?"

Vidole alisimama. Nilimwona akimtazama baba, kisha macho yake, kisha mkono ule ukutani. Alikuwa amekaa mbele ya baba siku ya posa, lakini siku ile baba alikaa kitini kwa heshima zake na kila mtu alikuwa akipiga kelele. Leo alielewa. Alinigeukia, nami nikatikisa kichwa kumwambia ndiyo, ni hivyo.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa sauti aliyoikwaruza kidogo.

"Marahaba. Umekuja kufuata ramani?"

"Ndiyo, mzee."

"Utapata, binti yangu hachelewi." Baba alipata ukingo wa meza akauegemea. "Nyinyi wa bandarini mna msiba mkubwa. Nimewaombea wale saba, na yule rubani nimemwombea. Sikumtaka hapa nyumbani, sitaficha, lakini kijana wa watu simtakii hivyo. Usiku nimejiuliza, isije ikawa ramani. Halafu nikatulia. Mimi nimepiga muhuri miaka arobaini, baba yangu kabla yangu, na majina yetu yako ukutani pale pasipo doa. Haikuwa ramani."

"Haikuwa ramani, mzee," alisema Vidole.

Baba alishusha pumzi. Alimshukuru, akamwombea safari njema, akarudi kwenye muhuri wake kwa njia ile ile ya ukuta. Tulisubiri mpaka tuliposikia kiti chake.

"Kesho nitasimama," nilimnong'oneza. "Nitasema yote. Kosa ni langu na litabaki langu."

"Na yeye?"

Nilimshika mkono mzima, akaniachia niushike, lakini haukunishika. Nilimuuliza lile ambalo kila mwanamke angeuliza hata dunia ikiwaka moto, nikajichukia kwa kuliuliza. Nilimuuliza na sisi je.

"Nakupenda, Wino," alisema. "Nilikuwa nakuja kukuposa tena, safari ikiisha. Nilikuwa nimepanga hata nisicheke. Lakini nikikutazama sasa nawahesabu, na hata nikigeuza uso bado nawahesabu. Sijui mtu anaishije na hivyo ndani ya nyumba moja."

Akaondoka na vile viatu vikimburuza. Sikumfuata ngazini.

Siku iliyofuata ukumbi wa Baraza ulijaa mpaka barazani. Nilimshika baba mkono kama ilivyokuwa desturi yetu, watu wakidhani ni mimi ninayemwegemea, nikamkalisha safu ya pili. Wajane walikaa mbele yetu. Upande wa kushoto walikaa marubani, wazee kwa vijana, mikono mapajani, na dada yake Vidole alisimama nyuma yao amejifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimelala na maneno yangu na nimeamka nayo. Nilikuwa nimepiga moyo konde. Nilichongojea ni Kuhani Mkuu aulize swali, Vidole aanze kujibu, nami nisimame.

Kuhani Mkuu aliuliza. "Rubani, uliifuata ramani yenye muhuri, au hukuifuata?"

Vidole alikuwa peke yake katikati ya sakafu. Hakuchelewa kujibu.

"Nilisinzia," alisema.

Watu hawakuelewa mara moja. Akarudia kwa sauti, ili hata walio barazani wasikie. Alisema zamu ilikuwa yake, alikunywa, akasinzia, meli ikajiendea ilikotaka. Ramani haikuwa na kosa. Jicho hakulitazama kabisa.

Lazima ujue maana yake kwa watu wa bahari. Rubani aliyekosea hupewa pole, na hata anayeshtakiwa kwa habari ya Jicho ana wenzake wa kumhurumia gizani. Rubani aliyelala zamu hana mtu. Mzee mmoja upande wa kushoto alisimama, ndugu ya baba yake, akatoka bila kumtazama. Akafuata mwingine. Walitoka mmoja mmoja mpaka benchi likabaki tupu, na dada yake akavuta kile kitambaa kikamfunika uso mzima. Mjane wa seremala alitema mate sakafuni karibu na miguu yake. Makuhani hawakuuliza lolote zaidi kuhusu Jicho. Hawakuwa na haja. Hukumu ilikuwa kwamba asikanyage tena sitaha ya meli yoyote maisha yake yote, na ilisomwa kwa muda mfupi kuliko sala ya kufungulia kikao.

Nilielewa alichofanya kabla hukumu haijaisha kusomwa. Hakuna aliyeapa lolote, kwa hiyo vijana wataendelea kupunguza kidole chao. Hakuna aliyetaja ramani, kwa hiyo baba atabaki ukutani. Alikuwa amechukua kila kitu akakibeba peke yake, jina la baba yake pia.

Bado ningeweza kusimama. Kikao hakikuwa kimefungwa, na hakuna aliyenishika ila baba, aliyeninamia akanong'ona, "Unaona? Nilikwambia haikuwa ramani yetu."

Walipomwongoza kwenda nje alipita karibu na safu yetu. Hapo alisimama. Mlinzi alimsukuma begani, hakusogea, alisimama na kunitazama, muda mrefu kiasi kwamba wanawake wa mbele waligeuka waone anamtazama nani. Nimeshalipindua tazamo lile kila upande miaka yote hii. Kuna siku naamini alikuwa akinisihi nisiharibu alichokinunua kwa bei ile. Kuna siku naamini alikuwa akinipa nafasi ya mwisho, akingoja niinuke.

Wakati ule nilijiambia kwamba ananisihi nikae, nami nikakaa.